Mama Anashika Kikombe Mwenyewe

Nyumbani,
Jumapili, 8 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Baridi ya huko inasemaje? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila bati la jikoni bado linavuja na fundi ni yule yule wa kesho, kesho.

Kile kiwanda cha nguo alikostaafia Baba usidhani ni magofu tena. Kimekuwa kituo cha teknolojia. Palipokuwa na mashine za kufuma pana maabara, ghala ni chuo cha ufundi, na ofisi za mabosi zimejaa kampuni za vijana. Mpwa wako Kiherehere anasoma hapo. Jina ulilompa linazidi kumkaa.

Sasa, Mama. Najua unaumia anavyokataa kuongea nawe kwa video. Si hasira, Kaka. Mikono inamtetemeka mno, chai namnywesha mimi, na hataki umwone hivyo.

Kiherehere akalivalia njuga. Watu wa maabara wakapima mtetemo, kampuni moja ikatengeneza mpini, wanafunzi wakaunda kikombe chenye kimota cha kukituliza. Siku ya majaribio chai yote ikaishia kwenye koti jeupe la mtafiti. Nilitamani ardhi inimeze.

Kumbe mpini ni wa mkono wa kulia, na Mama ni mashoto! Maabara walidhani chuo kimemuuliza, chuo kikadhani kampuni imemuuliza. Mama naye, na heshima zake zile, akaona haya kuwakosoa wenyeji wake. Na Kiherehere, aliyekula meza moja na bibi yake tangu utotoni, akili yote ilikuwa kwenye nyaya.

Bahati wote wako jengo moja. Mpini ukavuka ukumbi, ukarudi jioni ile ile. Mama akashika, akanywa. Mwenyewe! Nililia, sikufichi. Kikombe bado kizito na betri haimalizi siku, lakini wanaendelea nacho.

Leo asubuhi nimemkuta mezani, kajifunga kitambaa kipya kichwani. Akaniambia, "Mwandikie kaka yako, ajue yote, asije akashtuka. Kisha apige. Nataka anione nikinywa chai."

Wasalimie Wifi na watoto. Shangazi na Kiherehere wanakusalimu. Mungu akuweke, akurudishe salama.

Ukimaliza kusoma, piga. Kitambaa hataki kukivua.

Ni mimi nikupendaye,
Mdogo wako.