Aliyecheka Mbele Yangu

Jumapili, 7 Julai 2024

Nimevunjika! Kifundo cha mguu wa kulia. Wala si ajali ya maana ya kusimulia — nilikuwa nafundisha watu kutembea.

Ilikuwa mazoezi ya sendoff ya binti yangu Annastella, ukumbini kule Kahororo. Wasimamizi wake wanaingia kama wanawahi basi. Nikawaambia kaeni pembeni mniangalie, hivi ndivyo anavyoingia mwanamke mwenye heshima zake. Nikanyanyua kidevu. Nikazungusha bega. Vigae vilikuwa vimetoka kupigwa deki.

Kabla sijafika chini nilishasikia kicheko. Wifi yangu Judica, dada wa mume wangu, aliyetoka Muleba kuja kutusaidia maandalizi. Alicheka huku ananiinua. Alicheka kwenye gari. Alicheka hospitali mpaka nesi akadhani yeye ndiye mgonjwa. Buberwa, mume wangu, ambaye haongei mpaka aulizwe mara mbili, akamwambia dada yake: "Nenda ukachekee kwako!"

Akaenda.

Jumanne, 9 Julai

Nimefungwa hogo, plasta nyeupe mpaka karibu na goti. Niko kwenye kochi hapa Kitendaguro, mguu juu ya mito, kama kitu cha maonyesho. Wageni wanapita.

Nimegundua jambo. Mtu haji kumwona mgonjwa ili asikie habari za mgonjwa. Mzee Lwakatare, jirani yetu, kaniuliza nimeumiaje. Sijafika hata kwenye vigae, ameshaanza nyonga yake. Nyonga ilimwanza akiwa kijana, ikaenda naye Mwanza, ikarudi naye. Mwishowe mimi ndiye niliyempa pole. Ameondoka amepata nafuu kabisa.

Alhamisi, 11 Julai

Ephrasia wa ng'ambo ya barabara kaleta ndizi — waitu, mkungu wa kweli! Kasema nisihangaike na chakula leo. Akakaa mpaka zikaiva. Akala. Akazisifu.

Kila anayekuja anataka nisimulie nilivyoanguka, hata walioshasimuliwa. Na sura zao! Midomo imekazwa kama wako msibani, macho yanang'aa. "Pole sana, Mama Annastella." Nikifika pale pa kidevu, lazima mtu akohoe.

Jumatano, 17 Julai

Nimewasikia! Dirisha lilikuwa wazi.

Akina mama wa kwaya walikuja kuniombea. Sala ndefu, nzuri, mmoja hadi machozi. Wakaaga. Wakatembea kwa heshima mpaka getini. Halafu — kicheko! Nimewaona kupitia kwenye migomba. Mmoja ananyanyua kidevu na kuzungusha bega, vizuri kuliko nilivyofanya mimi. Mwingine kaegemea nguzo ya geti, hana nguvu.

Nilikasirika. Nikamwita Buberwa nimshtakie. Kasema, "Mm."

Nikabaki nawaza. Nchi nzima imecheka, ila wote wamesubiri wafike getini. Judica peke yake ndiye alishindwa kusubiri. Na ni yeye aliyenivua kiatu kabla mguu haujavimba, na akanifunika kanga yake watu wasione mapaja yangu. Alikuwa anacheka, lakini mikono yake ilikuwa kazini.

Nimemkumbuka. Hapa ndani siku hizi watu wananionea huruma mpaka chai inapoa.

Jumapili, 28 Julai

Sendoff ni Jumamosi hii, na shangazi yake Judica hayupo! Annastella kaja chumbani analia. Nani atamshika mkono kumkabidhi? Mimi mama siwezi kujifanya shangazi, na hata ningejifanya, nina magongo mawili, mkono wa kumshikia sina.

Nikamwambia Buberwa, mpigie dada yako. Kasema aanze yeye, ni mdogo.

Nikampigia Nathanieli, mume wa Judica. Akamuuliza mkewe, nikasikia jibu kwa masikio yangu: aanze kaka, yeye ndiye aliyenifukuza.

Watu wenye wajukuu! Mvi zinakuja, meno yanaondoka, lakini hili la nani aanze halikui. Limebaki darasa la pili.

Basi. Nitakwenda mwenyewe.

Alhamisi, 1 Agosti

Muleba. Naandikia hapa hapa, sebuleni kwa Judica. Daftari lilikuwa kwenye pochi.

Nilimwambia Buberwa nakwenda na magongo yangu. Akachukua funguo za gari. Tulipofika akasema nitangulie, yeye analinda gari. Analilinda na nani? Uani kuna kuku tu.

Nathanieli kanipokea vizuri. Kasema Judica yuko jikoni, anapika. Muda umepita. Hakuna moshi, hakuna harufu, hakuna hata sufuria iliyogongana na mwenzake. Sisi wawili tumeongea habari za kahawa mpaka kahawa imeisha habari.

Ndipo akatoka na sinia la chai. Macho chini. "Shikamoo wifi" — ananiamkia mimi, umri wetu sawa! Nikamwambia Judica, keti. Akaliangalia hogo. Wajukuu wa Ephrasia waliliandika kwa kalamu ya wino: TEMBEA KWA HESHIMA. Akaweka sinia chini. Akajifunika kanga usoni, mabega yakaanza kutikisika, akakimbilia jikoni.

Nathanieli kanong'ona, "Analia. Ana huruma sana huyu."

Miaka yote hiyo wameoana, hajajua sauti ya mkewe!

Nimetoa daftari ili nipate pa kuangalia. Nathanieli kauliza naandika nini. Nimemwambia mambo ya sendoff.

Mlango wa gari umefunguliwa. Buberwa huyo, anakuja, kofia mkononi. Amesimama kizingitini anavua viatu. Vina kamba. Anazifungua kama mtu anayetegua bomu.

Jikoni kicheko kimekatika. Judica ameuliza kwa sauti, "Nani huyo?" Anajua vizuri ni nani.

Buberwa amekohoa. Kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Amemjibu kwa Kihaya, polepole, kwa sauti ambayo mimi hajawahi kunipa: ni mimi, mdogo wangu. Kaka ameanza.

Kanga inaonekana mlangoni pa jikoni. Kipande tu.