Mwanasesere Aliyemwamkia Mzee

Mjukuu wangu Neema,

Wengi hudhani kazi ya kumsemesha mwanasesere ni kuficha midomo tu. Hapa Louisville hatujambo, na mjomba wako wa Columbus anakusalimu. Nimekitazama kile kichekesho ulichonitumia, cha zamani cha mazingaombwe na mwanasesere, kilichorushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Unauliza, je, itakuwaje midomo yako ikitikisika utakapomsemesha mwanasesere wako kanisani huko Buffalo?

Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, nikiwa msichana, mchekeshaji alituletea mwanasesere anayesema. Mzee wa kanisa akafoka, "Huo uchawi! Mfukuzeni!"

Mwanasesere akainama. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu," mzee akaitikia, kisha akaangua kicheko. Onyesho likaendelea. Midomo ya mchekeshaji ilitikisika waziwazi, na hakuna aliyejali.

Leo, mfundishe mwanasesere wako kusalimia watu.