Msikilizaji Mmoja wa Ng'ambo ya Ziwa

Kaka yangu Etabo,

Nadai kwamba u hai. Nimeliweka dai hili mwanzoni, kabla hata ya salamu, kwa sababu nimelitetea mbele ya baba mdogo, mbele ya mchungaji wa kanisa lako na mbele ya mama, na mpaka sasa sijapata wa kuniunga mkono. Jumamosi ijayo wanakusudia kukuwekea matanga nyumbani kwetu Ujiji. Mchungaji ataongoza ibada ya maziko bila mwili, baba mdogo ameshaagiza turubai na viti, na kuanzia siku hiyo kila atakayekutaja atatakiwa kuanza na neno "marehemu". Mimi nimekataa kulitamka. Barua hii naibandika Kibirizi, pale boti za ng'ambo zinapopakia, na nakala nampa kila nahodha atakayekubali kuipokea, ili hoja zangu zisomwe na yeyote, nawe ukiwamo.

Nikumbushe kwanza ulivyoingia kwetu, maana wengi watakaosoma hapa hawajui. Nilikuwa mdogo kiasi cha kudhani kwamba wakimbizi ni kabila. Wabembe wenzako wa Kongo uliovuka nao ziwa walikuwa njiani kupelekwa kambini. Wakaomba maji mlangoni petu, nawe ukajilaza barazani kwa homa. Walipoitwa kupanda gari hukuweza kusimama. Mama akasema utabaki mpaka upone. Ulipona, ukabaki. Mwenyekiti wa mtaa alipokuja kuuliza mgeni huyu ni nani na jina lake limeandikwa wapi, mama alimjibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchambua.

"Huyu ni wangu. Nilimzaa ng'ambo."

"Mama, nakujua tangu utoto. Hujawahi kuvuka ziwa hata siku moja."

"Basi alivuka yeye."

Mwenyekiti akacheka, akanywa chai, akaenda zake. Ndivyo ulivyoishi nasi miaka yote ile bila kuwamo katika hesabu ya mtu yeyote, na nadhani ndiyo sababu, ulipoanza kuimba, ulipenda mno kuhesabiwa.

Tulirekodia chumbani kwangu, godoro tumeliegemeza ukutani ili sauti isirudi. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kuchezeka, ule wa karabai, taa ya kuvulia dagaa, ambao wavuvi na wachukuzi wa Kibirizi waliushika mara moja. Wa pili ulikuwa wa polepole, nusu Kibembe nusu Kiswahili, ukimwita mama yako aliyebaki ng'ambo. Karibu na mwisho wake, sauti ya mama yetu ilipenya kutoka uani: "Etabo, zima hilo dude, mkaa unateketea bure." Nilitaka kuikata. Ulinishika mkono.

"Unaacha hivyo hivyo."

"Ni kasoro, Etabo. Kila mwenye masikio ataisikia."

"Profesa, weye unasikia kasoro. Miye nasikia chakula iko karibu."

Kasoro ikabaki. Leo ndiyo nguzo ya hoja yangu.

Kwa kuwa hukuwa na kitambulisho chochote, akaunti ya msanii kwenye mtandao wa muziki, tulikoziweka nyimbo zako, niliifungua kwa jina langu, na takwimu zikawa zinakuja kwenye simu yangu peke yangu. Kila asubuhi ulisimama mlangoni, mswaki mdomoni, ukisema, "Profesa, fungua." Nami, mwenye shahada ya takwimu na hamu kubwa ya kuonekana ninayo, nilikuwa nafungua na kuhutubu. Mara ya kwanza uliona idadi ya mara ambazo wimbo wa karabai ulisikilizwa, ukashinda kutwa ukisalimia watu mtaani kama mgombea ubunge. Jioni nikakuonyesha namba ya pili, ndogo, uliyokuwa umeiruka: idadi ya watu wenyewe.

"Kwa hiyo ni batu bale bale?" uliuliza.

"Wale wale. Wanarudia."

Ulifikiri kidogo. "Basi hao ndio wangu. Ule wa mara moja alikuwa anapita."

Nilikupinga, kama kawaida yangu. Nilisema msanii hujengwa na wengi wapya, si na wachache wanaorudia. Ulinijibu kama kawaida yako, yaani ulininyamazia, ukatabasamu, ukaenda kuoga. Vivyo hivyo nilipokueleza kwamba wimbo hauhesabiwi mpaka msikilizaji apite nusu dakika. Uliudhika kwa niaba ya watu usiowajua. "Mutu akisikia mwanzo tu, akalia, akazima simu, huyo hawamuhesabu?" Nikasema hawamhesabu. "Basi hiyo mashini haijue muziki." Nikakusomea aya nzima ya maelezo. Ukaninyamazia tena.

Lakini somo lililo kubwa kuliko yote lilikuwa la miji. Ukurasa wa takwimu ulionyesha kwamba karibu wote wanaokusikiliza wako Dar es Salaam, na Kigoma haikuwapo kabisa. Ulipiga pasi shati lako jeupe. Ulianza kuuliza habari za treni. Mimi nilikuwa na hasira ya namna nyingine: ilikuwaje mji mzima, wenye wachukuzi wanaoimba wimbo wako wakiwa na magunia mgongoni, uwe haupo duniani? Nikatafuta, nikasoma, nikaelewa. Ukurasa ule hauoni sikio liliko. Huona tu mahali ambapo kampuni ya simu huingilia kwenye mtandao. Mchukuzi wa Kibirizi, mama wa Rusimbi akaangaye mihogo, wote huandikwa watu wa Dar. Nilikuja kukuambia polepole, nikihofia utavunjika moyo. Uliliangalia shati.

"Basi Dar tumefika," ukasema, "na treni hatukupanda."

Ulilivaa siku ile ile kwenda sokoni.

Kisha zikaja habari kwamba mama yako ameonekana maeneo ya Baraka, kule Kongo, kati ya watu waliokimbia tena kutoka vijijini. Hakuna aliyekuzuia, ungezuiwa kwa hoja gani? Mama yetu alikufungia samaki wakavu wa migebuka katika kanga yake, ukapanda boti ya mizigo. Ujumbe wako wa mwisho ulikuwa wa sauti, kelele nyingi nyuma yake: umefika, mama hajaonekana, watu wanahamia milimani, tusikusumbue kwa kupiga, utatutafuta mwenyewe. Mvua zimekuja na kwenda mara mbili tangu hapo. Simu yako haiiti.

Sasa ushahidi wangu. Baada ya kimya kile, niliona mji wa Kongo katika orodha ya wasikilizaji wako. Jina lake halina maana, nawe unajua kwa nini: Dar ilishatufundisha. Lilimaanisha kitu kimoja tu, kwamba kuna mtu anayetumia laini ya upande ule. Alikuwa mmoja, na alikuwa akirudia. Hakurudia wimbo wa karabai, ambao kila mvuvi angeupiga. Alirudia ule wa polepole, wenye ile kasoro, ambao hapa kwetu hata marafiki zako walikuwa wakiuruka. Nani katika dunia hii angekaa kusikiliza, tena na tena, wimbo ambao ndani yake mwanamke wa Ujiji analalamikia mkaa wake?

Nilipoyasema haya mbele ya kikao cha familia, baba mdogo, ambaye unajua anavyoendesha kikao kama anavyoendesha mnada wa dagaa, alifuta miwani yake kwanza.

"Jamani, tumesomesha," alisema. "Tulidhani tunapata mtaalamu, kumbe tumepata mpiga ramli wa kutumia simu."

Watu wakacheka. Nikamwacha amalize. Akasema wavuvi wetu wengi wana laini mbili, ya huku na ya kule, na wakiwa katikati ya ziwa huweka ile yenye mnara. Nikamjibu kwamba mvuvi mwenye laini mbili bado ana masikio mawili, na masikio ya wavuvi yanapenda karabai. Akakubali kwa kichwa. Kisha akasema lile lingine, safari hii bila kejeli.

"Simu haifi na mwenyewe, mwanangu. Nani kakuhakikishia kwamba anayesikiliza ni Etabo? Aliyeiokota, je? Aliyeitoa mfukoni mwake, je?"

Pale barazani hapakuwa na aliyecheka. Mchungaji alitazama viatu vyake. Nilijibu kwamba anayechukua simu ya mtu huweka nyimbo zake mwenyewe. Hakai kumlilia mama wa mwenzake. Nililisema kwa sauti kubwa. Lakini naandika hapa, kwa kuwa barua ya wazi lazima iwe wazi kwa pande zote, kwamba jibu hilo ni jepesi kuliko nilivyolitamka. Mwanadamu anaweza kumwua mtu na akaupenda wimbo wake. Nimesoma historia ya kutosha kulijua hilo.

Kuna jambo jingine ambalo kikao hakikulisikia. Mji ule umetoweka katika orodha. Mwezi mzima sasa hakuna mtu wa Kongo, hakuna anayerudia. Baba mdogo angelijua hili angefunga mjadala pale pale. Mimi siufungi. Sifuri ina maana mbili: ama hakuna kitu, ama kitu kipo na habari zake hazijamfikia anayehesabu. Mtu akishaupakua wimbo kwenye simu yake, anaweza kuusikiliza porini, mlimani, mahali pasipo mnara, na hesabu yake itabaki humo humo ndani ya simu mpaka siku atakapopata mtandao. Kwa hiyo mtu anaweza kusikiliza kila siku na ukurasa wangu ukasema hayupo. Hili si tumaini tupu, kaka. Ndivyo mitambo ile inavyofanya kazi. Na wewe hasa, uliyekula ugali wetu miaka yote ile bila kuandikwa popote, utanielewa kuliko wao.

Baada ya kikao nilimfuata mama jikoni niendelee kubishana. Nilimwekea wimbo, nikaupeleka hadi mwisho, akasikia sauti yake.

"Kwa hiyo huko aliko," aliuliza, "kila akiufungua ananisikia namfokea kwa ajili ya mkaa?"

"Ndiyo, mama."

"Ningejua inarekodi ningesema neno jema."

Nikaanza kumweleza habari za sifuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima anayompa mgeni.

"Mwanangu, wewe unataka kushinda. Baba yako mdogo naye anataka kushinda. Mimi nataka kujua nimpikie au nimlilie. Vyote viwili kila siku siviwezi tena."

Mimi, ambaye nimewahi kuwabishia wahadhiri wangu mpaka wakatazama saa, nilisimama jikoni kwa mama yangu nikiwa nimeshika simu inayoimba. Ameanza kukosea chumvi. Sahani yako bado inaoshwa pamoja na zetu na kurudishwa kabatini ikiwa haijatumika. Nikimwomba aendelee kungoja kwa sababu ya namba ambayo ni mimi peke yangu niionaye, na ambayo sasa nayo haipo, namwomba kitu ambacho chuo hakikunipa haki ya kukiomba.

Ndiyo maana sitaki unijibu kwa namba. Usiufungue wimbo ule ukadhani umeniambia jambo. Jibu la namna hiyo litakuwa mnong'ono kwangu mimi, na wao wataliita ramli, na pengine watakuwa na haki. Nataka jibu la hadharani. Kama unaweza kuja, njoo usimame ufukweni Kibirizi, mbele ya wauza dagaa na wachukuzi, uniambie nimekosea jambo lolote humu, nitalikubali. Kama huwezi kuja, mpe nahodha maneno. Siku ile tuliyorekodi wimbo wa polepole, nilipozima kinasa sauti, mama aliita mara ya pili, nawe ukamjibu kutoka chumbani. Jibu lile halimo katika wimbo. Tulilisikia watu watatu tu, na sitaliandika hapa hata neno moja. Nahodha yeyote atakayelitamka mbele ya watu, bila kukosea, atakuwa amekuleta nyumbani, na turubai la baba mdogo litakunjwa.

Umezoea kunishinda kwa kunyamaza. Miaka yote nilikuachia, kwa sababu nilikuwa nikisikia nyayo zako zikielekea bafuni, na mtu anayekwenda kuoga huwa anarudi. Safari hii kimya chako hakina nyayo, nami sikikubali kuwa jibu.

Jumamosi asubuhi sitakuwa barazani. Nitakuwa Kibirizi, tangu boti ya kwanza ya ng'ambo. Boti ya mwisho ikishusha mizigo yake yote na maneno yako yasiwemo, nitarudi nyumbani nikapange viti pamoja nao. Nijibu, Etabo, na unijibu kwa sauti, ili mama asikie.

Mimi mdogo wako wa Ujiji,
uliyemwita Profesa.