Anayeingia Maji ya Kwanza

Nagoya, 18 Novemba 1991

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima na theluji iwe bado haijakufungia mlango huko Akita. Mimi huku sijambo, ila mikono inanuka malimau ya yuzu hata nikila wali. Goti linaendeleaje? Usinijibu "sawa sawa" kama unavyofanya kwenye simu, unapiga kelele "sawa sawa" halafu unakata. Ndiyo maana nakuandikia.

Nina shida, na dawa yake iko puani mwako. Unajua tangu niingie kwenye karakana hii ya mafuta ya kuogea, kazi yangu ni kujaza chupa na kubandika karatasi. Sasa Bwana Nakatsuji, mwenye karakana, anataka mafuta mapya yenye harufu ya majira ya baridi. Ameturuhusu watu watatu tujaribu, na mwisho wa Januari atachagua moja. Akichagua yangu, nahamia chumba cha kuchanganyia. Asipochagua, narudi kwenye chupa, na umri wangu unaujua. Wenzangu wawili ni watoto wa mjini, theluji wameiona kwenye kalenda. Mimi nimekulia ndani yake, nikishindwa hapa sina pa kusingizia.

Nimetia majani ya msonobari, ganda la yuzu, na moshi kidogo sana, ule wa figili zako. Hodhi likijaa, mimina kifuniko kimoja, koroga, ingia, kisha uniambie kama unaisikia baridi ya kwetu. Usinihurumie kwa kuwa ni mwanao.

Ni mimi mwanao,
Sanae

*

Akita, 27 Novemba

Mwanangu Sanae,

Marahaba. Mimi mzima, goti ndilo si zima, lakini tumeshazoeana. Theluji imeanza juzi. Figili nimezitundika juu ya moto, moshi unanitoa machozi, watu wakipita wanadhani bado namlilia baba yako. Tangu atutoke mwezi wa tatu nyumba imekuwa kubwa mno, basi nazungumza na figili. Zinasikiliza kuliko alivyokuwa akisikiliza yeye.

Chupa imefika, nimeifungia uzi mweupe nisije nikaichanganya na siki. Nimefanya ulivyosema. Sasa nikwambie kweli, maana umesema nisikuhurumie. Harufu niliisikia kwa mbali, kama ya mtu aliyepita njia na kwenda zake. Msonobari upo kidogo. Yuzu sijaiona kabisa, una hakika uliitia? Maji yalikuwa laini, ngozi ikafurahi, lakini ngozi haina pua.

Tena nikuulize, nani amekwambia baridi inanuka msonobari? Baridi ninayoijua mimi inanuka mafuta ya taa na soksi zilizolowa zikiwa zimeanikwa juu ya jiko. Mwambie bosi wako atie soksi.

Kula vizuri. Usilale na kichwa kibichi.

Mama yako

*

Nagoya, 4 Desemba

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa goti. Mimi nimepata mafua kidogo lakini yamepita.

Soksi nimemwambia Bwana Nakatsuji. Alicheka, kisha akaandika kitu kwenye daftari lake, nikaogopa atazitia kweli.

Maneno yako yameniuma kidogo, nami nashukuru. Huku karakanani kila nikifungua chupa ile nilikuwa naiona kali, lakini pua ya mtu anayeshinda na harufu kutwa nzima haiaminiki. Basi nimekuamini wewe. Nakutumia chupa ya pili. Nimezidisha msonobari, nimezidisha moshi, na yuzu nimeitia maradufu. Hii usipoisikia, Mama, basi huna pua.

Mwenzangu mmoja ametengeneza yake kwa mnanaa. Anasema baridi ni mnanaa! Na bosi aliinusa mara mbili. Sipati usingizi.

Mwanao,
Sanae

*

Akita, 13 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Namshukuru Mungu nimeamka. Theluji imefika dirishani na ya paani nimeizoa mwenyewe, usinigombeze, ng'ombe hazeeki maini.

Chupa ya pili nimeijaribu. Yuzu bado hakuna. Msonobari upo, lakini sasa umekuwa mkali, umekaa kama dawa ya kuchulia mgongo. Moshi nao umebaki juu ya maji peke yake, nikajiona kama mimi ndiye figili. Naona ile ya kwanza ilikuwa na adabu zaidi, hata kama ilikuwa kimya.

Nikaona labda kweli pua yangu imezeeka. Nikampelekea jirani, Kikue, kiasi kidogo cha ile ya kwanza, nikamwambia kajaribu. Leo asubuhi amekuja amenuna. Mumewe alitoka kuoga anaimba, mwanamume yule ambaye hata harusini hakuimba. Akasema alijiona amesimama katikati ya msitu asubuhi. Kikue akaingia baada yake katika maji yaleyale, hakusikia kitu. Wamegombana mpaka kitandani. Mzee anasema mkewe ana mafua, mke anasema mzee ni mwongo. Nimewatetea wote wawili, sasa hawasemi nami wote wawili.

Usikate tamaa. Mnanaa ni wa dawa ya meno.

Mama yako

*

Nagoya, 19 Desemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hali yangu njema.

Nimeisoma habari ya Bi. Kikue nikicheka, halafu nikaacha kucheka. Harufu ya yuzu ni nyepesi, Mama. Inapanda na mvuke wa mwanzo, na mvuke ukiisha kutoka, nayo imekwenda. Kwa hiyo mumewe hakudanganya, na Bi. Kikue hakuwa na mafua. Mzee aliingia maji ya kwanza akazipata harufu zote, mkewe akakuta mabaki.

Sasa nakuuliza, na kuuliza si ujinga. Wewe unaishi peke yako. Hakuna wa kukutangulia. Mbona barua zako ni za mtu aliyeingia wa pili?

Nakutumia tena ya kwanza, chupa mpya. Nijibu upesi. Kama nimeharibu mafuta kwa kufuata majibu ya maji ya pili, nina mwezi mmoja tu wa kurekebisha.

Mwanao,
Sanae

*

Akita, 26 Desemba

Sanae,

Marahaba. Mimi mzima.

Kwanza, maji ya kwanza ni makali kwa ngozi ya mzee, kila mtu anajua hilo, hata daktari wa mguu wangu.

Pili, kwa kuwa umeuliza, nitakujibu mara moja tu. Wali ukiiva, wa kwanza nampakulia baba yako, nauweka mbele ya picha yake kabla sijaonja. Hilo hujawahi kuniuliza. Basi maji ndiyo nimnyime? Hodhi likijaa namimina mafuta yako, nakoroga, natundika taulo lake, naita, "Baba Sanae, maji tayari!" Kisha nakwenda kumenya figili. Taarifa ya habari ikimalizika, naingia mimi. Ndivyo alivyokuwa akikaa majini, mpaka mtangazaji wa hali ya hewa aage. Miaka arobaini na minne sijawahi kumtangulia, hata siku alizokuwa na homa. Siku nikimtangulia itakuwa nimesema hayupo. Sijawa tayari kusema.

Sikujua kama yuzu inaruka. Ungeniambia tangu mwanzo. Lakini usinitume tena jambo hilo. Mpe Kikue, au mumewe, maana sasa ameshajiona mtaalamu.

Mama yako

*

Nagoya, 5 Januari 1992

Mama mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Naomba usikunje barua hii kabla hujaifikisha mwisho.

Nimelia karakanani. Nilisingizia ganda la yuzu kuniingia jichoni. Nakuona ukitundika lile taulo, ukiita, ukienda jikoni, na mimi huku nakusuta kwa yuzu! Nisamehe, sikujua.

Lakini nitasema tena, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Mume wa Bi. Kikue atasema nzuri, kwa sababu kwake kila kitu cha moto ni kizuri. Mimi nataka mtu anayeijua baridi mpaka ndani ya soksi zake. Mimi mwenyewe nimechanganya mno, sijui tena chupa ipi ni mbaya na ipi ni nzuri. Siku moja tu, Mama. Ingia maji ya kwanza. Ukikataa sitakununia, nitabahatisha mbele ya bosi.

Na lile neno usilotaka kulisema, acha nilibebe mimi. Baba hayupo. Nimeandika mimi, si wewe.

Mwanao,
Sanae

*

Nagoya, 20 Januari

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu, na simu inalia mpaka inachoka. Nimempigia Bi. Kikue. Anasema uko salama, unazoa theluji na husalimii mtu.

Umenikasirikia, na una haki. Siku ya kuchagua imekaribia, lakini sasa sijali. Mafuta yasahau. Niandikie tu mstari mmoja wa kunigombeza, nitashukuru.

Sanae

*

Akita, 24 Januari

Mwanangu Sanae,

Marahaba, marahaba kwa salamu zote ambazo sikuzijibu. Mimi mzima. Nilikukasirikia, ndiyo. Mtu hamwandikii mama yake "Baba hayupo" kama anayemwambia chumvi imekwisha. Barua nikaitupa kwenye droo, nikaitoa, nikairudisha. Na kila jioni nikaendelea kuita, "Baba Sanae, maji tayari!" Lakini umenitia ugonjwa. Nilianza kujisikia ninavyoita. Sauti inakwenda mpaka bafuni, inarudi, na mimi nimesimama ukumbini na kisu cha figili nikijua kabisa kwamba hakuna anayevua nguo aingie. Mazoea yana taabu, lakini na kuigiza kuna aibu yake.

Basi jana nilijaza hodhi, nikajisugua, nikamimina kifuniko kimoja cha ile ya kwanza. Sikuita. Niliweka mguu mmoja, nikautoa, nikatazama mlangoni kama mwizi. Kisha nikaingia.

Sanae! Yuzu ipo! Ilinipiga usoni mpaka nikashika ukingo wa hodhi. Nikafumba macho. Ikaja asubuhi ile unafungua mlango wa mbele, theluji imeanguka na hakuna aliyeikanyaga, pua inauma kidogo, na moshi wa kwanza unatoka kwa jirani. Hiyo hasa. Msonobari uko nyuma, wala haujipendekezi. Moshi unaupata mwishoni, ukianza kujiuliza umetoka wapi, umekwenda. Ni baridi yetu, mwanangu. Umeikamata, sijui umefanyaje. Hata soksi nilizisahau.

Peleka hiyo. Usiongeze tone, usipunguze tone. Za pili mwaga. Na Bwana Nakatsuji akitaka kujaribu, mwambie amtangulize mkewe, halafu yeye aingie baadaye, ndipo ajue anauza nini.

Sasa nikwambie lililobaki. Nililia humo ndani, sikufichi, nililia mpaka nikaogopa maji yatafurika. Nilisema ile sentensi yako kwa sauti. Ikatoka. Nikajua ndiyo basi, nimeisema, na paa halijaanguka.

Lakini baada ya kulia hasira ikanipanda. Maana nilikaa mle nikawaza, kumbe hivi ndivyo yalivyo maji ya kwanza? Kila mwaka siku ile ya kuogea maji yenye yuzu, miaka yote ile, mimi niko jikoni nakata figili, naye anatoka mwekundu kama kaa wa kuchemsha. Namuuliza, "Maji yakoje?" Ananijibu, "Ya kawaida." Ya kawaida, Sanae! Mimi naingia nakuta maganda yamelegea, yanaelea, nasema moyoni, hawa watu na yuzu yao, mbona hainukii kitu? Nimeishi nikidhani naijua. Hakuwahi hata siku moja kuniambia, "Leo tangulia wewe." Nami sikuwahi kumwomba, kwa sababu huwezi kuomba kitu usichojua kama kipo.

Sikutoka mpaka maji yalipopoa. Hakuna aliyekuwa ananingoja na hakuna niliyekuwa namngoja.

Halafu nilivaa, nikapika. Nilimpakulia baba yako wali kama kila siku, nikamwashia udi, nikakaa mbele ya picha yake, kichwa bado kibichi. Nikamwambia, "Baba Sanae, nimekukumbuka mpaka kifua kinauma. Lakini kuanzia leo wewe utaoga wa pili."

Mama yako