Mipira ya Mwani Uliyomletea Mama

Mpendwa Yaya, kaka yangu mkubwa,

Nimesikia unaoa. Nimesikia pia unataka Mama akae mbele, kando yako, na kitenge cha sare. Habari hiyo imenifikia kwa mdomo wa jirani, kama kawaida ya habari zako. Hongera. Sasa nisikilize mimi mdogo wako, maana tangu tumzike Baba hujanisikiliza.

Unakumbuka ile likizo uliyotoka Johannesburg na mipira mitatu ya mwani, umeifunga kwenye gazeti lililolowa? Ya kijani, mviringo, yenye manyoya. Tulicheka sana. Baba akaagiza tangi la kioo kwa fundi wa komini ya Kenya, mtaa ule wa hapa mjini kwetu, akatia samaki wekundu, nawe ukaishusha mipira chini taratibu. Ukamwambia Mama, "Hii haiombake chakula. Unaigeuzaka tu, kila upande uone mwangaza." Tena ulimweleza mbele yangu kwamba jua likiipiga itajaa vipovu vya hewa na kupanda juu, na jioni itashuka.

Ukarudi zako. Mama akabaki kuigeuza kila asubuhi, kwa kuwa ni wewe uliyemwomba. Ule mkubwa aliupa jina lako. Alikuwa akiinamia maji na kukusalimia: "Bonjour mutoto yangu, ulilala muzuri?" Nikimtania kwamba anazeeka vibaya, anajibu, "Acha. Telefone yake haiitikake. Huyu hata anapandaka kuniona."

Kisha umeme ukakatika siku nyingi, pampu ikasimama, samaki wakafa wote. Mipira ikabaki. Baba naye akaugua, akatutoka. Shangazi alikuja kulala msibani, na asubuhi moja akamkuta Mama ameinama tangini, analiita jina lako.

Ukoo ukakaa kikao sebuleni, na wewe ukiwa kwenye simu iliyowekwa mezani, kila mtu akikusikia. Shangazi akasimama, akamwita Mama mchawi: "Samaki yote ilikufa, bile bya kijani bikabakia. Bwana yake naye alikufa. Sasa anaita mutoto mu mayi! Mulisha kuona wapi majani yenye kupandaka na kushukaka?"

Mama hakulia. Alisogea karibu na simu, akakuomba uwaambie ukweli: "Mutoto yangu, bambie."

Mimi nilikwisha kuwaambia, neno la mdogo halikuhesabiwa. Ulihitaji kusema tu kwamba ni majani, na kwamba ni wewe uliyeyaleta. Tulikusikia ukipumua. Halafu ukasema, "Miye sijue bintu ya Mama. Bakubwa njo bataona."

Wakubwa wakaona. Walimwaga tangi uani, wakaimiminia mipira miwili mafuta ya taa na kuichoma. Mama akatolewa nyumbani akiwa na beseni moja la nguo, na nyumba ukapewa wewe, mwana wa kwanza. Leo ina wapangaji. Nina uchungu nawe, Yaya, na sitaki unipoze. Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Labda damu ya watu wengine.

Tunaishi chumba kimoja hapa mtaa wa Hewa Bora. Kanisani kuna wanawake ambao bado wanahama benchi Mama akikaa. Na unajua anakuteteaje? Anasingizia mtandao wa simu: "Réseau ilikuwa mubaya siku ile. Hakusikia muzuri." Ananiambia hivyo huku ameninyooshea kitenge cha harusi yako nimshonee. Nimekishona. Nilimkataza kuja, hakunisikia, atakuja.

Mpira wa tatu ulibiringika hadi mferejini, nikauokota watu walipoondoka. Ni ule wenye jina lako. Ulikuwa umegeuka kahawia upande mmoja. Mama hataki kuuona tena, kwa hiyo uko kwenye chupa ya mayonezi kando ya cherehani yangu kazini. Niliusuuza, nikaukamua, nikawa naugeuza kama ulivyotufundisha. Umepona, na wewe sikushukuru kwa hilo.

Siku ya harusi nitakuja nao. Nitauweka mezani asubuhi, ndani ya chupa yake, penye jua, mbele ya shangazi, kabla bukari, ule ugali wa karamu, haijagawiwa. Utapanda, watu watapiga kelele, na Mama, akiwa na kitenge chako, atakugeukia na kukuomba tena uwaambie. Safari hii utakuwa umekaa kando yake, na hakutakuwa na réseau ya kusingiziwa.

Baki salama mpaka hapo.

Mdogo wako, wa tumbo lile lile