Siku ya Kilima, na Nilichomfanyia Zuhura

Jumamosi jioni, Novemba. Songea imetulia baada ya manyunyu ya mchana, na kuna kaubaridi ka kutafuta sweta. Nyayo zinaniuma. Lakini nimekaa kuandika, kwa sababu nikilala bila kuandika, kesho nitaanza kujipunguzia makosa.

Kwa wasiotujua: chuoni kwetu kila mwaka kuna Siku ya Kilima. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, tunaowaita wageni, wanapanda kilima kilicho nyuma ya mabweni wakiongozwa na sisi wakongwe. Kila mmoja anabeba jiwe dogo, analiweka kwenye rundo lililoko juu, halafu wote tunageukia mjini na kuimba wimbo wa chuo. Nilipouimba mara ya kwanza nililia, mimi binti wa Mpitimbi ambaye sikuwahi kujiona wa mahali popote zaidi ya nyumbani.

Ila mila hiyo ina sehemu nyingine. Wageni wanapanda peku, na wanabeba mabegi ya wakongwe.

Mwaka jana begi langu lilibebwa na Zuhura.

Zuhura anatoka Namasakata, kule Tunduru, wazazi wake ni wakulima wa korosho. Msichana mpole, anayesalimia kila mtu. Tulipofika katikati ya njia aliniambia, "Dada, naomba nipumzike, nimekanyaga kitu." Nikamjibu, "Hata mimi nilikanyaga. Twende." Watu wakacheka, na mimi nikafurahi kwamba wamecheka. Kumbe alikuwa amechanwa na kisiki. Alichechemea wiki tatu, na tangu hapo sikumwona tena kwenye shughuli yoyote ya chuo, si michezo, si mdahalo, si mahafali.

Sikumwomba msamaha. Tulipokuwa tukipishana, nilijifanya naangalia simu.

Mwaka huu nimechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya Siku ya Kilima. Jumatano kwenye kikao nikasema wageni wavae viatu na kila mtu abebe begi lake. Mapunda, katibu wetu na rafiki yangu tangu mwaka wa kwanza, akaweka kalamu chini. "Sisi tulipanda peku. Ukiondoa hilo, kinabaki nini? Matembezi tu." Wengi wakatikisa vichwa kukubaliana naye. Nikaahirisha kikao.

Jibu nililipata Alhamisi kwa Mama Nchimbi, anayepika kantini tangu chuo kilipofunguliwa. Nilimwamkia shikamoo, nikamuuliza kama enzi zile wageni walipanda peku. Akashangaa. "Peku ya nini, mwanangu? Walivaa viatu vyao. Mwaka mmoja mvua ilinyesha sana, viatu vikawa vinanasa kwenye tope, wakavua wote. Na wakubwa walivua."

Na wakubwa.

Nikatoka pale moja kwa moja hadi chumbani kwa Zuhura. Maneno niliyoyapanga yote yakanipotea. Nikasema tu, "Mwaka jana nilikuumiza, nikajua, nikanyamaza. Naomba unisamehe." Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. Kisha akasema, "Mimi nilifurahi nilipopangwa na wewe, dada." Nikamwomba aje Jumamosi atuongozee wimbo. "Kuimba sitaimba. Kuja, tutaona, inshallah."

Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza mara ya pili.

Asubuhi ya leo nikasimama mbele ya wageni chini ya kilima, nikawaeleza nilichofanya mwaka jana. Jina lake sikulitaja. Nikasema wageni wapande na viatu vyao, na mkongwe anayeitaka peku aanze na miguu yake mwenyewe, nikavua raba zangu. Mapunda akachukua begi lake. "Umetuaibisha," akasema, akaondoka, na zaidi ya nusu ya wakongwe wakamfuata.

Nikaanza kupanda.

Yale mawe yana makali. Nilipofika nusu ya njia niligeuka kuangalia msafara. Zuhura alikuwa nyuma kabisa, amevaa viatu vya kufunga kamba, akitembea taratibu na mgeni mmoja aliyeishiwa pumzi, amemshikia jiwe lake.

Kule juu tuliimba vibaya. Wakongwe tulikuwa wachache, wageni hawajui maneno, na ubeti wa pili ukaanza kutuponyoka. Ndipo nikasikia sauti nyembamba kutoka nyuma ikiudaka. Zuhura alikuwa anayajua maneno yote. Wageni wakamfuata, mmoja mmoja, mpaka wimbo ukakaa sawa.

Wakati wa kushuka alinipita, akasema, "Kapake dawa hiyo miguu." Hayo tu. Nimeyapokea.

Mapunda ameshatuma ujumbe kwenye kundi la wasap: Jumatatu kuna kikao cha kuniondoa uenyekiti. Huenda akashinda, maana ana watu. Na inaniuma, kwa sababu ndiye aliyeninakilia masomo yote nilipolazwa na malaria mwaka wa kwanza. Hilo sijalisahau, na halinibadilishi.

Nitakwenda. Nitakaa kwenye kiti changu, nitaomba kitabu cha kamati, kile zinamoandikwa taratibu za Siku ya Kilima, na kabla kura hazijapigwa nitaandika kwa wino, kwa mwandiko wangu: wageni wapande na viatu, kila mtu abebe begi lake. Wakiniondoa baada ya hapo, sawa. Atakayenirithi itabidi aukate mstari huo kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu, na aseme kwa nini.