Mgeni Njoo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mama mkubwa ameanza kuukanyagia mguu wake bila kukunja uso. Mwamkie kwa heshima zote, na umwambie nyonga ikiunga asianze kukimbilia jikoni kama ilivyo kawaida yake. Sisi huku afya tunayo. Dada, shemeji na watoto wanakusalimu sana. Yule mdogo ameota meno, na sasa kazi yake ni kuuma watu.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu ya mama mkubwa huongea kwa spika, mama, na majirani wa huko hujua mambo yetu kabla wewe hujaitika. Haya ya leo nataka uyasome peke yako, ukiwa umekaa.

Tangu uende kumuuguza mama mkubwa, kila tukizungumza unaniuliza urudi lini nyumbani, nami nazungusha maneno. Nilikwambia barabara zimefungwa, nikakwambia nauli imepanda, nikakwambia tusubiri wageni wa michezo waondoke. Yote yalikuwa kweli, lakini hayakuwa jibu. Jibu ni kwamba nyumba yetu haipo. Imevunjwa, mama. Pole sana. Cherehani yako niliiwahi, ipo kwa dada nyuma ya mlango, pamoja na picha ya baba na kabati la nguo. Ile sehemu ya dirishani ulipokuwa ukikaa kushona sasa ni kokoto.

Unakumbuka tulivyoshangilia siku jiji letu lilipochaguliwa kuandaa michezo. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na sitajifanya leo kwamba sikupiga. Wala sitasema hakuna mazuri. Barabara kubwa imewekwa lami laini, taa zinawaka, maji yanatoka bombani hata mchana. Shemeji amepata kazi ya kuendesha basi la wachezaji, anavaa tai, hashikiki. Pale kazini kwangu, karakana ya uchapaji, Mzee Herufi hajawahi kuona kazi nyingi kama hizi: mabango, vibao, bendera, mashine ya kuchapa haipoi. Lakini mama, mtu aliyevunjiwa jiko atayakinga wapi hayo maji?

Walituita mkutanoni kwenye ukumbi wa shule. Akaja msimamizi wa kamati ya kupendezesha jiji, ambaye tumempachika jina la Bwana Mapambo. Alitusifu kweli kweli. Alisema jiji letu ndilo mwenyeji wa michezo, sisi nasi ndio wenyeji wenyewe, dunia nzima itatutazama, na mwenyeji mwema humpisha mgeni hata kitanda chake. Tukapiga makofi kama wajinga. Ndipo akasema mtaa wetu umeangukia kwenye maegesho ya mabasi ya waandishi wa habari, kwa hiyo tuhame. Nilisimama nikamuuliza, mwenyeji akihama, huyo mgeni atakaribishwa na nani? Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliniambia nikae chini, maendeleo hayataki mzaha. Maendeleo! Na baba alipochimba msingi wa ile nyumba kwa mikono yake, alikuwa akicheza?

Aliahidi kwamba michezo ikiisha tutagawiwa vyumba katika maghorofa ya wachezaji, vyenye vigae chini na bomba ndani. Jina lako liliitwa mbele ya watu wote. Ndiyo maana nilikuficha, mama. Nilisema moyoni kwamba nitakueleza siku utakapokuwa umeketi ndani ya chumba chako kipya, maana habari mbaya husikika vizuri zaidi mtu akiwa na paa.

Tingatinga lilikuja mama wa jirani akiwa bado anafua. Alitoka na mapovu mikononi, akaanza kubishana nalo kana kwamba lina masikio. Dereva alishuka, akatuomba radhi mmoja mmoja kwa adabu zote, kisha akapanda akafanya kazi yake. Na sasa sikiliza jambo linaloninyima usingizi. Waandishi wa habari walipangiwa hoteli upande wa pili wa uwanja, na mabasi yao yanaegeshwa hukohuko. Nilipita mtaani kwetu michezo ikiwa imepamba moto. Hapakuwa na basi hata moja. Palikuwa na mlinzi kwenye kiti cha plastiki, analinda kokoto. Nikamuuliza anazilinda dhidi ya nani. Akasema hata yeye anajiuliza.

Kabla wageni hawajaanza kushuka uwanja wa ndege, kamati ilileta kwetu kazi ya bango kubwa la kuvuka barabara yote. Bwana Mapambo alichagua maneno mwenyewe, akachagua methali ambayo hata mtoto anaijua: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alikuja karakana kuukagua mfano, akauangalia, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akatia sahihi. Bango likachapwa, likatundikwa, na watu wakapita chini yake asubuhi nzima bila kuona kitu. Methali ni hivyo, mama. Mtu hasomi, macho yanashika neno la kwanza na mdomo unamalizia.

Aliyeliona ni mama wa jirani. Alikuwa juu ya gari la mizigo, amekumbatia godoro, anahamia nje kabisa ya jiji kwa sababu kodi za vyumba zimepanda kila mahali. Akalisoma kwa sauti yake ile unayoijua: MGENI NJOO, MWENYEJI AHAME. Alicheka mpaka dereva akasimamisha gari akidhani ameugua. Kufikia mchana jiji zima lilikuwa linacheka, na wageni wasiojua lugha walikuwa wakipigana picha chini yake wakitabasamu. Bango lilishushwa mbio mbio. Jioni polisi walimchukua Mzee Herufi, na karakana ikatiwa kufuli. Aliwaambia kosa ni lake kwa sababu karakana ni yake. Hakunitaja, ingawa alijua vizuri sana nani hukaa kwenye kompyuta pale kupanga maneno.

Ni mimi, mama. Nilifuta apone, nikaandika ahame.

Sikuweza kumwacha mzee wa watu alale ndani kwa ajili yangu. Kulipokucha nilikwenda mwenyewe kwa Bwana Mapambo. Alinipokea kwa upole, hata kiti alinipa. Alisema yeye pia ana mabinti na hapendi kuniharibia maisha. Niandike tu kwamba nilikosea, kwamba mkono uliteleza. Mzee ataachiwa, nitarudi kazini, na wewe chumba chako kitabaki palepale. Nilimuuliza mkono unatelezaje kutoka apone hadi ahame. Akaniambia ujuaji hautanisaidia, na kwamba nikikataa, jina la mama yangu nalifuta mwenyewe.

Kalamu niliishika, sitakuficha. Nilikufikiria wewe na mgongo wako, nikafikiria vile vigae. Nilifika hadi kuandika jina langu juu ya karatasi. Lakini kusema nilikosea ni kusema hakuna aliyefukuzwa, ni herufi tu zilizopotea njia. Nikaandika kwamba nilifanya makusudi, nikatia sahihi, nikamrudishia karatasi yake.

Mzee Herufi ameachiwa na karakana imefunguliwa. Alinishika mikono akalia, kisha akaniambia kamati imemkataza kunirudisha kazini. Jana mjumbe alipita kwa dada kutuarifu kwamba chumba chako amepewa mtu mwingine. Kwa hiyo nyumba ya kwanza wamekuvunjia wao, na ya pili nimekukosesha mimi. Dada hasemi nami tangu jana, na simlaumu. Nawe nigombeze mama, una haki yote, na ukilia najua nimekuliza mimi. Ninakuomba jambo moja tu. Usinitume nirudi kwao nikaseme nilikosea.

Wewe njoo tu mama mkubwa akipata nafuu. Hapa kwa dada tutabanana sebuleni, cherehani tutaisogeza karibu na dirisha. Salamu zangu ziwafikie wote wa huko, na Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mwanao, kitinda mimba wako,
niliyefanya makusudi.